Elementi Alipoingia Darasani

Kwenye kilio cha Madame Nsimire, bwana mmoja wa suti alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa mwanamke mpole, ambaye hakuwahi kugombana na mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliguna kwa sauti, na dada aliyeketi kando yangu akanifinya paja. Mpole? Bwana yule alimjua Madame akiwa bibi mwenye fimbo na miwani minene, anayegawia watoto peremende baada ya misa. Mimi nilimjua kabla ya fimbo. Nilirudi nyumbani na hasira yangu, na nimekaa kuandika kabla haijapoa, kwa sababu wafu hawana mdomo wa kukataa sifa wanazobandikwa.

Alikuwa mwalimu wetu wa darasa la tano pale Bagira, mjini Bukavu. Nikilikumbuka darasa lile, pua ndiyo inayotangulia. Ubao wetu haukupakwa rangi ya dukani. Ulipopauka, Madame alituambia tulete betri zilizokufa na majani ya viazi vitamu. Tulizipasua betri kwa mawe, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, tukauponda pamoja na majani mpaka ukawa uji, naye akaupaka ubaoni kwa kitambaa. Ulinuka chuma na shamba kwa pamoja. Tulikwenda nyumbani na vidole vyeusi, na mama zetu walipiga kelele juu ya mashati. Betri hazikukosekana hata siku moja. Miaka ile redio zilikula betri kuliko watoto walivyokula maharagwe, maana kila mzazi alitaka kujua nani yuko wapi na bunduki yake.

Mji ulikuwa mikononi mwa watu waliokuja kutoka mbali na silaha wakajiita wakombozi. Nasema wakajiita, kwa sababu sikumsikia mtu mwingine yeyote akiwaita hivyo. Papa yangu, aliyekuwa karani wa ofisi moja huko mjini, alinyoa ndevu kila asubuhi mbele ya redio, na redio ilizungumza Kifaransa. Ilikuwa na neno lake moja ililolipenda: *éléments*. Hawa éléments walipora soko, hawa éléments walifyatua risasi, hawa éléments hawana mkubwa wa kuwaongoza. Maana yake ilikuwa askari, lakini redio iliona haya kusema askari. Neno likatoka redioni likaingia barabarani, likavua viatu vyake vya Kifaransa, likawa elementi. "Nabintu, ingia mu nyumba," Maman aliniita, "ba elementi banapanda!" Nami niliingia mbio. Kwa hiyo nilipofika darasa la tano nilikuwa najua vizuri elementi ni nini. Ni mtu mwenye bunduki, buti za mpira na njaa.

Sasa, nyinyi mliosoma Tanzania au Kenya, mlifundishwa sehemu za hadithi kwa Kiswahili: mandhari, mhusika, mgogoro, kilele. Mlipata bahati. Sisi tulifundishwa kwa Kifaransa, na siku moja Madame aliandika ubaoni, kwa mwandiko wake ulioinama kidogo kulia, mambo ambayo kila hadithi lazima iwe nayo. Kwanza *situation initiale*, yaani hali ya mwanzo. Halafu *élément perturbateur*, lile jambo linaloingia na kuvuruga. Halafu *péripéties*, mikasa inayofuata. Halafu mwisho wake, *situation finale*.

Akatueleza kwa lugha yetu ili tusipotee. "Batoto, mu mwanzo kuko kimya. Batu banakula, banalala, hakuna shida. Halafu élément perturbateur anaingia. Akisha kuingia, kitu yote inaharibika. Munasikia?"

"Tunasikia, Madame!"

Na tulisikia kweli. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza élément perturbateur ni nini, kwa sababu hakuna ambaye hakuwahi kumwona. Nilishangaa tu kwamba wazungu waliotunga vitabu nao wanamjua. Kumbe hata kwao hadithi haziendi bila askari! Neno la tatu, *péripéties*, lilinisumbua kidogo, lakini nalo nililimaliza peke yangu. Nililisikia *Père Ipesi*. Tulikuwa Wakatoliki, kila père alikuwa padri, basi huyu alikuwa padri fulani anayeitwa Ipesi, na kazi yake ni kuja baada ya elementi kupita. Hilo nalo halikuhitaji maelezo. Katika mtaa wetu, elementi wakishapita usiku, asubuhi padri alikuja na maji ya baraka kuzika.

Kwa wiki nzima nilitembea na elimu hiyo kichwani na kila mahali niliiona kweli. Niliipima kwa Biblia. Yesu anazaliwa, kuko kimya, ng'ombe wanapumua, mara askari wa Herode. Waisraeli wanatoka Misri, mara askari wa Farao. Hata Edeni, yule malaika aliyesimama langoni na upanga wa moto asiruhusu mtu kupita, kama si elementi wa kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, ni nani? Nilimweleza Papa jambo hili akiwa ananyoa. Aliniangalia kupitia kioo, sabuni imemjaa kidevuni, akacheka mpaka akajikata. Hakunisahihisha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ofisi yao iache kulipa mishahara.

Wakati huo huo shule yetu ilikuwa hatarini, na sisi watoto tulijua. Shule iliyokuwa chini yetu kwenye mteremko ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Wakombozi walilala madarasani, na walipokosa kuni walipasua madawati, wakapikia maharagwe. Kutoka dirishani petu tuliona moshi, na mtoto aliyesoma kule aliweza kukuambia, "Leo banachoma ya sixième," yaani madawati ya darasa la sita. Kisha habari ikaja kwamba komanda wao atatembelea shule yetu. Directeur, mkuu wetu wa shule, mtu mzuri lakini mwenye magoti mepesi, aliamini kwamba komanda akifurahi atatuacha, na asipofurahi tutafuata njia ya wenzetu. Sijui kama alikosea. Alikaa ofisini akatunga hadithi yake mwenyewe, ambamo Bagira inalia kwa mateso na komanda anashuka kuiokoa, akamletea Madame ili tuikariri.

Madame aliisoma amesimama mlangoni, sisi tukiangalia. Akamrudishia.

"Directeur, batoto bangu habatasema hii."

"Madame, ni hadithi tu!"

"Kama ni hadithi tu, uiseme weye. Akitaka kuona darasa, aone darasa. Tutafanya leçon yetu ya kawaida."

Komanda alikuja asubuhi yenye jua baada ya mvua, wakati ule udongo mwekundu wa Bagira unapokamata kiatu na kukataa kukiachia. Alifuta buti zake mlangoni kwa utaratibu, jambo lililonivutia. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mfukoni mwa shati la kijeshi alikuwa na kalamu zimepangwa, na alituamkia kwa Kifaransa kizuri, kwani alisoma na alipenda ijulikane. Lakini kabla ya kututazama sisi, alitazama madawati. Alipita akiyagonga kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Alipofika kwangu akagonga, akasikiliza.

"Mbao ya muzuri," alisema. "Inakauka muzuri."

Directeur akacheka kicheko kisicho na meno. Komanda akageukia ubao, akasoma maneno ya Madame, uso ukamfurahi. Aliyajua! Akageuka na kunyoosha kidole kwangu, kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Weye, simama. Situation initiale ni nini?"

"Ni wakati batu banaishi muzuri, hakuna shida, mon commandant."

"Très bien! Na élément perturbateur?"

Nakumbuka nilishangaa. Mtu mzima, tena mwenye kalamu zote zile, anauliza jina lake mwenyewe.

"Ni nyinyi," nilisema.

Alitabasamu akidhani hakusikia. "Nani?"

"Nyinyi, ba elementi. Munaingia, hadithi inaharibika. Nyuma yenu anakuja Père Ipesi, anazika batu."

Niliikaza sauti kama Madame alivyotufundisha, ili hata wa nyuma wasikie. Wa nyuma walisikia. Niliangalia uso wa Madame kujua kama nimejibu vizuri, na niliona mdomo wake ukitetemeka. Watu wazima waliniambia baadaye kwamba ilikuwa hofu. Si kweli. Ilikuwa Père Ipesi. Mwanamke yule, mbele ya bunduki, alikuwa anazuia kicheko.

Directeur alikwisha kuruka katikati. "Mutoto hakusikia, afande! Ni Kifaransa, ni shida ya Kifaransa! Hakusikia muzuri!"

Kwetu Bukavu kusikia ndiyo kuelewa, na Directeur alikuwa anasema kweli tupu. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimechanganya neno la kitabu na neno la barabarani, na padri wangu hakuwepo duniani. Madame aliyajua hayo yote mara moja, kama mwalimu yeyote anavyoona kosa la mwanafunzi lilipoanzia. Njia ya kutokea ilikuwa wazi, na wala haikuwa njia ya uongo. Angesema tu kwamba mtoto hakusikia, komanda angecheka, tungepigiwa makofi, na labda madawati yangebaki.

Komanda alimgeukia. "Ni kweli, Madame? Mutoto hakusikia?"

Madame alifuta chaki mikononi kwa kitenge chake, mkono mmoja, halafu wa pili.

"Alisikia muzuri, afande."

"Ndjo vile unafundisha?"

"Ndjo vile ninafundisha. Na yeye alijibu."

Askari wa komanda walimchukua palepale. Alipopita karibu na dawati langu nilikuwa bado nimesimama, kwa kuwa hakuna aliyeniruhusu kuketi. Akanigusa bega. "Nabintu, kaa. Umejibu." Akatoka mbele yao, akiruka madimbwi ili asichafue viatu.

Nyumbani Papa aligeuka rangi. Aliketi kitandani, akasimama, akaketi tena. Alisema kesho yake atanichukua kwa mkono mpaka kambini, nipige magoti, niombe pardon, mkubwa aone ni mtoto tu. Maman alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Pardon ya nini?" aliuliza. "Mutoto alisema bongo?" Bongo kwetu ni uongo.

"Mama Nabintu, batatuua."

"Nimekuuliza. Alisema bongo?"

Maman akaacha sombe ndani ya beseni, akafunga kitenge kiunoni kwa lile fundo ambalo nyumbani kwetu lilimaanisha mjadala umekwisha, akatoka kwenda kwa mama wa Bahati, rafiki yangu, na kutoka hapo kwa mama mwingine.

Alasiri ile ile Bagira ilifanya jambo ambalo mpaka leo nalisimulia. Wazazi walipanda shuleni, na kila mmoja alishuka na dawati kichwani. Wanaume waliyabeba mawili mawili, watoto walibeba ubao, ramani, hata mlango. Hakuna aliyekimbia. Ukiulizwa kwenye barrière unasema unahama. Watu walikuwa wanahama kila siku miaka ile, na nani atahesabu vitu vya mhamaji? Jioni wakombozi walipokuja kuingia katika shule yetu, walikuta kuta na sakafu. Waliipata shule, lakini ukuta hauungui.

Asubuhi iliyofuata akina mama walikwenda kwenye lango la kambi wakakaa kilio. Asiyetoka kwetu anaweza asijue uzito wa jambo hilo. Kilio ni cha maiti. Unafunga kitenge kichwani, unaketi chini, unaimba nyimbo za msiba, na kila anayepita lazima apunguze mwendo. Wao walikaa kilio cha mtu aliye hai. Maman alinichukua, sijui kwa nini, labda alitaka nione. Minibasi za kwenda Nyawera zilizima muziki zikipita pale. Wanaume walivua kofia. Wachuuzi walitua mizigo yao wakaketi nasi kidogo, kama ilivyo desturi, bila kuuliza jina la marehemu. Askari wa lango hakustahimili.

"Mama, nani alikufa?"

"Hatuyajua bado," Maman alimjibu kwa upole kabisa. "Tunangojea mutuambie."

Alirudi nyuma hatua kadhaa. Askari wengine walikuja kutazama, nao wakarudi ndani. Hakuna mtu anayependa kuimbiwa wimbo wa msiba akiwa anakunywa chai, hata akiwa na bunduki. Tulirudi kesho yake, na kesho yake tena, na idadi yetu iliongezeka mpaka barabara ikawa nyembamba. Mwishowe walimtoa Madame. Alitembea ameshika nyonga, na fimbo ile aliyoiona bwana wa suti ilianzia pale. Walichomfanyia hakuwahi kutuambia, nami sitambunia. Akina mama walimnyanyua, na nyimbo zikabadilika.

Lakini alitolewa kwa sharti. Komanda, kwa sababu ya zile kalamu zake, hakuweza kuvumilia kwamba somo limebaki vile. Madame alitakiwa kulirudia mbele yetu na kulisahihisha, na askari mmoja atakaa asikilize. Asiposahihisha, atarudi alikotoka, na safari hiyo akina mama wangeweza kuimba mpaka wapasuke.

Shule ikiwa imechukuliwa, darasa lilihamia sebuleni kwetu. Papa, yule yule wa kwenda kupiga magoti, alikuwa ameshusha picha ya harusi yao na kuupaka ukuta mzima rangi nyeusi ya betri, peke yake, bila kuambiwa na mtu. Tulibanana katika madawati mpaka jikoni. Akina mama walisimama mlangoni na barazani. Askari aliyetumwa hakuwa kijana. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu ya kukosa usingizi, na aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani.

Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na hasira. Niliogopa atasema sikusikia. Baada ya mambo yote yale, hilo ndilo nililoliogopa.

"Batoto," Madame alianza, "tunarudilia leçon. Élément perturbateur haiko lazima soda. Munasikia? Inaweza kuwa mvua, inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa nyama wa pori." Soda kwetu si kinywaji, ni askari.

Askari akaitikia kwa kichwa, kazi yake inakwenda vizuri. Mimi nilitazama miguu yangu.

"Donc leo tutafanya hadithi yenye haina soda hata mumoja. Kuko sungura. Iko mu nyumba yake, kimya. Nani anaingia?"

Bahati ndiye aliyeanza. "Fisi, Madame."

"Fisi. Muzuri. Anafanya nini?"

"Anakula maharagi ya sungura."

"Analala mu kitanda yake!"

"Anachoma biti byake!"

"Anasema alikuja kumukomboa," nilisema mimi.

Hapo ndipo niliposikia, kwa maana zote mbili za kwetu. Niliona kwa nini watu hutunga hadithi badala ya kusema tu kilichotokea. Fisi hawezi kukamatwa. Unaweza kumwambia kila kitu mtu aliyekalia dawati lako, naye atafanya nini, amshitaki sungura? Furaha iliyonipanda siku ile ilikuwa kubwa kuliko mwili wangu, na sioni haya kusema kwamba ilikuwa na ubaya ndani yake. Wenzangu nao walikuwa wamesikia. Niliona mabega yao yakitetemeka.

Askari alikuwa ameacha kuitikia kwa kichwa.

"Na situation finale?" Madame aliuliza. Hakupandisha sauti. "Hadithi inaisha namna gani?"

"Fisi anaenda kwabo!"

Sijui nani alianza kumrudisha fisi kwao. Tulisema sote, halafu akina mama mlangoni wakasema, halafu barazani, na mtu mmoja barabarani ambaye hakujua hata somo ni lipi akalidaka akalirudia. Fisi anaenda kwabo! Madame aligeukia ukuta, akaandika sentensi hiyo kwa mwandiko wake ulioinama, akaweka nukta.

Askari alisimama. Ilimchukua muda kuchomoa magoti yake kutoka kwenye dawati. Alijipachika bunduki begani, akina mama wakampisha, na alipofika mlangoni akasimama, ametupa mgongo. Maman alinivuta kwake. Mtu yule akageuka nusu, na alipozungumza sauti haikuwa ya kazi.

"Na ule fisi, Madame. Kwabo alifika muzuri?"

Madame alikuwa bado anautazama ukuta, chaki mkononi, mkono mwingine umeshika nyonga.

"Hiyo ni hadithi ingine, afande," alisema. "Kwanza aende."